Tairi Kwanza, Rimu Baadaye

Rimu za kwanza nilizoinunulia pikapu yangu nilizichagua kwa macho. Zilikuwa nyeusi, zenye uso uliozama ndani kama bakuli, na nilipozifunga pamoja na matairi ya matope ya kipimo cha 285/75R16, gari lilisimama kifua mbele kiasi kwamba kila nilipoliegesha nilikuwa nageuka kulitazama mara ya pili. Raha hiyo haikumaliza mwezi. Siku moja nilikuwa narudi nyuma nikiwa nimekata usukani hadi mwisho, nikasikia mkwaruzo mzito upande wa kushoto, kama wa mtu anayepiga msasa ubao mbichi. Nilishuka, nikachuchumaa na tochi, nikakuta plastiki iliyo ndani ya madigadi imelika hadi imeng'aa, na kwenye bega la tairi umejichora mstari wa kijivu unaozunguka duara zima.

Mengine yalikuja kidogo kidogo. Kilima nilichozoea kukipanda kwa gia ya nne nikiwa na mzigo kilianza kudai gia ya tatu. Spidomita iliposoma 100, gari lilikuwa linakwenda karibu kilomita 107 kwa saa. Tairi la akiba la kipimo kipya halikuingia mahali pake chini ya bodi, likawa linasafiri juu ya bodi kama abiria, likila nafasi ya mizigo. Hatimaye beringi ya mbele ikaanza kuvuma. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu nilikuwa nimeianza hesabu kutoka mwisho: niliipenda rimu, rimu ikaniletea tairi, na tairi likaniletea kazi ambayo gari lenyewe halikuiomba.

Nilipobadilisha kwa mara ya pili niligeuza mpangilio wote. Nilianza na mzigo na barabara, nikaja kwenye tairi, na rimu nikaiacha iwe ya mwisho kabisa. Niliyojifunza katika mzunguko huo ndiyo ninayoyaandika hapa, na nitakaa zaidi pale nilipoumia.

Mahali pa kuanzia ni kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwangu mimi kiliandikwa 265/65R17, pamoja na kiasi cha upepo kwa matairi ya mbele na ya nyuma, gari likiwa tupu na likiwa limepakia. Nilikuwa nimelimiliki gari hilo kwa miaka miwili bila kukisoma kibandiko hicho hata mara moja, ingawa kiliandikwa na watu waliosanifu breki, springi na diferensheni yake.

Namba hizo zinasomeka kwa urahisi ukishazizoea. Mia mbili sitini na tano ni upana wa tairi kwa milimita. Sitini na tano inayofuata ni kimo cha ubavu, lakini si kwa milimita bali kwa asilimia ya ule upana, kwa hiyo ubavu una milimita 172 na kitu. Herufi R inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kwa mtindo wa radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizidisha 17 kwa 25.4 unapata milimita 431.8; ukiongeza ubavu wa juu na wa chini, tairi zima linasimama kwa kipenyo cha milimita 776 hivi. Matairi ya zamani zaidi hutumia mtindo mwingine, kwa mfano 31x10.50R15, ambapo namba ya kwanza ni kipenyo chote kwa inchi na ya pili ni upana kwa inchi, na mtindo huo kwa kweli ni mwepesi kuuelewa kuliko wa kwanza.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa yale matairi yangu ya 285/75R16. Yanatoka milimita 834, yaani yamezidi ya kiwandani kwa milimita 57 na ushei, ambayo ni zaidi ya asilimia 7. Ziada hiyo ndiyo iliyoipotosha spidomita, kwa sababu kifaa hicho huhesabu mizunguko ya magurudumu wala hakijui kwamba kila mzunguko sasa unameza barabara ndefu zaidi. Ndiyo pia iliyonipokonya gia, kwa kuwa tairi kubwa hufanya kazi kama gia ndefu: injini inazunguka pole pole kuliko ilivyokusudiwa na inakosa nguvu mlimani. Breki nazo zinapambana na mkono mrefu zaidi wa kuuzuia, tena wenye uzito zaidi. Na kile ninachokipata kwa gharama hiyo yote, yaani kimo cha gari kutoka ardhini, ni nusu tu ya ile ziada, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Niliuza utulivu wa gari zima kwa milimita 29.

Mafundi wengi hushauri kwamba kipenyo kipya kisipishane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3, na mimi naliona hilo kuwa shauri la busara kwa pikapu ya kazi. Ndani ya mpaka huo bado kuna nafasi ya kuchagua. Tairi la 265/70R16, kwa mfano, lina kipenyo cha milimita 777, karibu sawasawa na lile la 265/65R17, lakini limekaa kwenye rimu ndogo zaidi na kwa hiyo lina ubavu mrefu zaidi kwa milimita 13. Ukiwa unapita kwenye mawe na mashimo, milimita hizo 13 za mpira ndizo zinazosimama kati ya jiwe na ukingo wa rimu. Mtindo wa siku hizi wa kufunga rimu za inchi 20 zenye mpira mwembamba kama mkanda wa suruali unapendeza kwenye picha, lakini kwenye pikapu inayobeba mzigo mimi siutetei.

Tatizo ni kwamba rimu ndogo si lazima ipite juu ya breki. Kabla ya kulipia chochote nilimwomba fundi afunge rimu moja tupu, bila tairi, kwenye gurudumu la mbele, kisha niizungushe kwa mkono taratibu. Kati ya kaliipa, yaani kibano cha breki, na ukuta wa ndani wa rimu paliingia kidole changu kidogo kwa shida, ila hapakuguswa popote. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, na ningeifanya hata kama muuzaji angeapa mbele yangu.

Baada ya kipimo linakuja suala la mzigo, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wenye pikapu wakijidanganya. Mara baada ya kipimo kwenye ubavu wa tairi huandikwa namba na herufi, kwa mfano 112S. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Namba ndiyo yenye uzito. Kila namba ina kilo zake katika jedwali la kimataifa, na 112 ina maana ya kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili, ilhali namba 100 ni kilo 800 tu. Chukua pikapu ambayo ekseli yake ya nyuma imeruhusiwa kubeba kilo 1,700. Matairi mawili ya 112 yanaweza kilo 2,240 na yanabaki na akiba nzuri. Matairi mawili ya 100, ambayo yanaweza kuwa na sura ile ile na kashata zile zile, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, yanaishia kilo 1,600, yaani yameshindwa kabla hujaongeza abiria wala hujaingia kwenye shimo.

Pikapu ina tabia ambayo gari dogo halina: ikiwa tupu, uzito mkubwa uko mbele, chini ya injini, ikipakiwa, karibu mzigo wote unakwenda kwenye ekseli ya nyuma, na ukiufunga mzigo nyuma zaidi ya ekseli, au ukivuta tela, mkia unabonyea na sehemu ya mbele inainuka. Matairi mawili ya nyuma yanaweza kubeba karibu maradufu ya uzito yaliokuwa nao asubuhi gari likiwa tupu. Ndiyo maana upepo wa nyuma kwenye kibandiko una viwango viwili, na ndiyo maana kuchagua tairi kwa kuangalia gari likiwa limesimama tupu ni kujidanganya.

Matairi yanayotengenezwa kwa kazi hiyo yana alama yake. Mengine yana herufi C mwishoni mwa kipimo, kama 205R16C, na mengine yana herufi LT mwanzoni, pamoja na daraja la mzigo la C, D au E, ambalo kwa lugha ya madukani huitwa plai 6, plai 8 na plai 10. Hizo plai si idadi halisi ya matabaka, kwa sababu matabaka ya siku hizi ni machache na imara. Ni jina lililobaki kutoka enzi za nyuzi za pamba. Mara nyingi utakuta namba mbili zimeandikwa pamoja, kama 121/118. Ya kwanza ni uwezo wa tairi likiwa peke yake upande mmoja, ambao kwa 121 ni kilo 1,450, na ya pili ni uwezo wake likifungwa pacha kwenye ekseli yenye matairi manne. Pikapu ya kawaida inaangalia ya kwanza tu.

Usidhani hata hivyo kwamba tairi gumu kuliko yote ndilo bora kuliko yote. Nilijaribu seti ya plai 10 kwa miezi michache. Gari likiwa limepakia lilitulia vizuri, lakini likiwa tupu lilirukaruka kwenye barabara ya vumbi hadi mkia ukawa unateleza pembeni kwenye kona zenye makunyanzi. Ubavu mnene pia ni mzito, na kila kilo inayozunguka chini ya springi inasikika kwenye usukani na kwenye tangi la mafuta. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi: tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito ule ule ambao tairi la kawaida hubeba kwa upepo mdogo. Plai 10 kwa kawaida hufikia uwezo wake kamili kwenye psi 80 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Ukilitoa tairi la kawaida na kulifunga la plai 10, kisha ukaendelea kujaza psi 35 kwa mazoea, unaweza kuwa umepunguza uwezo wa gari ulipodhani unauongeza.

Na upepo si suala la starehe. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea zaidi kila linapozunguka, kubonyea huko huzaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na mikanda ya waya iliyo chini ya kashata. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliita matairi takriban milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari ambalo msingi wake ulitokana na pikapu ya Ranger ya Marekani, kwa sababu kashata zilikuwa zikibanduka gari likiwa kwenye mwendo. Katika mabishano yaliyofuata, mojawapo ya hoja kubwa ilikuwa kiasi cha upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, na Firestone ikataka 30. Psi nne zinasikika kama kitu kidogo, lakini kwenye gari refu, lililojaa, linalokimbia juani saa nyingi, zilitosha kubishaniwa na kampuni mbili kubwa mbele ya Bunge la Marekani.

Mimi hupima asubuhi kabla ya kuwasha gari, kwa geji yangu mwenyewe, kwa sababu kila nyuzijoto 10 za Selsiasi hubadilisha kipimo kwa karibu psi mbili na tairi lililotoka safari husoma juu kuliko hali yake halisi. Ukikuta limepanda baada ya safari usilipunguze. Litashuka lenyewe likipoa. Ile namba iliyoandikwa kwenye ubavu pamoja na neno la Kiingereza la upeo si pendekezo bali ni mpaka. Nimeshamwona kijana wa pampu akijaza matairi ya gari tupu hadi mpaka huo kwa nia njema kabisa, na mwenye gari akaondoka akidunda kama mpira wa kikapu.

Sasa kashata. Kwa pikapu kuna familia tatu na wafanyabiashara huzitaja kwa herufi zake: HT ni za barabara kuu, AT ni za mchanganyiko, MT ni za matope. MT zina kashata kubwa zilizoachana, ili tope lililojaa kwenye mifereji lirushwe nje tairi linapozunguka. Kwenye tope halisi hazina mpinzani. Lakini uwazi ule ule unaosaidia kwenye tope unapunguza mpira unaogusa lami, na kwa kuwa kashata zake nyingi hazina ile mikato myembamba inayokamata lami iliyolowa, umbali wa kusimama siku ya mvua unaongezeka kwa namna ambayo mguu wako utaihisi kwenye pedali. Kelele nazo si utani. Katika safari yangu ndefu ya kwanza nikiwa na MT nilizima redio baada ya saa moja, kwa sababu nilikuwa nasikiliza vitu viwili vinavyogombana.

Swali nililojiuliza mara ya pili lilikuwa jepesi: katika siku mia za kuendesha, ni ngapi ninaingia kwenye tope la kuzamisha? Nilihesabu kwa uaminifu, bila kujumuisha zile ninazozitamani, nikapata nne au tano. Zilizobaki ni lami na vumbi la changarawe. Jibu likawa AT, na kwa mtu ambaye pikapu yake haitoki kwenye lami ningesema HT bila kusita, hata kama jirani atamcheka. Wanaoendesha kwenye theluji waangalie alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa hiyo hutolewa baada ya jaribio, ilhali herufi M+S ni tamko la mtengenezaji tu kuhusu umbo la kashata.

Tukija kwenye umri, kwenye ubavu tafuta neno DOT na uufuate mstari hadi kwenye tarakimu nne za mwisho. Kama ni 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo mara nyingine ziko upande mmoja tu wa tairi, na ukilifunga upande huo ukiangalia ndani utalazimika kulala chini ya gari kuzisoma. Nililala. Katika seti niliyouziwa kama mpya, matairi matatu yalikuwa ya mwaka mmoja na la nne lilikuwa limetangulia kwa miaka minne; nilipolirudisha muuzaji alinibadilishia bila ubishi, jambo lililonifanya nijiulize ni wangapi hawajawahi kulala chini. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka sita, na watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa miaka kumi hata kama kashata bado ni ndefu. Mpira hukauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo kwenye ubavu hata gari likiwa limesimama, na tairi la akiba ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu linazeeka gizani.

Kwa wenye pikapu ya kuendesha magurudumu manne, naongeza onyo moja. Mifumo mingi ya pikapu, ukiunganisha magurudumu ya mbele, huzifunga ekseli mbili zizunguke pamoja bila kusameheana. Ukiwa na matairi mapya nyuma na vipara mbele, au vipimo viwili tofauti, ekseli moja inataka kuzunguka haraka kuliko nyingine, na mvutano huo unaishia kwenye gia za katikati. Kipimo kiwe kimoja kwa matairi yote, likiwemo la akiba, na kashata zisipishane sana. Ukimudu mawili tu kwa wakati mmoja, mapya yafungwe nyuma, kwa sababu gari likipoteza mshiko mbele linakwenda moja kwa moja na unaweza kulidhibiti kwa kupunguza mwendo, ila likipoteza nyuma linageuka.

Ni baada ya hayo yote ndipo nilipoiruhusu rimu iingie kwenye mazungumzo. Nilikwenda kwa fundi nikiwa na rimu nne za chuma za mtumba, safi, zenye matundu sita. Alizigusa, akaweka moja kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, akakaza nati mbili kwa mkono, akaniambia, "Bosi, matundu sita yameingia yote, kazi imekwisha." Nilimwomba aitoe tena. Ni kweli kwamba Toyota Hilux, Ford Ranger na Mitsubishi L200 zote hutumia bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati linalokaa juu ya habu ni milimita 106.1 kwa Hilux, 93.1 kwa Ranger na 67.1 kwa L200. Rimu ya L200 haiwezi kabisa kuingia kwenye habu ya Hilux. Rimu ya Hilux inaingia kwenye L200 bila kugoma, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu kati ya rimu na habu kunabaki nafasi pande zote, hivyo gurudumu linategemea nati peke yake kulikalisha katikati. Likikosa katikati kidogo tu, usukani utatetemeka kwenye mwendo fulani na utabalansi magurudumu mara tano bila kupona. Pete za kujazia nafasi hiyo zipo na zinafanya kazi, mradi ziwe za kipimo sahihi.

Nati nazo zina umbo. Nyingine zina kitako cha koni, nyingine cha mviringo kama mpira, nyingine kitako bapa chenye washa. Baadhi ya rimu za aloi za kiwandani hutumia bapa, na rimu nyingi za chuma hutumia koni. Ukikaza nati bapa kwenye tundu la koni, itashika kwenye ukingo mwembamba tu. Utaisikia imekaza, na baada ya kilomita mia utaikuta imelegea. Kwa hiyo nilinunua nati mpya za koni, nikazikaza kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya kupimia nguvu, na baada ya kilomita 80 nikazipitia tena. Mbili zilikubali kusogea robo mzunguko.

Kilichokuwa kimeiua beringi yangu ni namba iliyochongwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET. Namba hiyo ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Rimu za kiwandani za gari langu zilikuwa na upana wa inchi 7 na ET30. Zile nyeusi nilizozipenda zilikuwa na inchi 8 na ET0. Kwa hesabu ya haraka, gurudumu zima lilitoka nje kwa milimita 30, na kwa kuwa rimu yenyewe iliongezeka inchi moja, ukingo wake wa nje ulitoka kwa karibu milimita 43. Sura ile ya bakuli niliyoisifu ilitokana na namba hiyo. Uzito wa gari sasa uliikalia beringi kwa upande badala ya kuikalia sawasawa, tairi likawa linachora duara kubwa zaidi usukani unapokatwa, na ndiyo maana lilifika kwenye madigadi. Vipande vya chuma vya kusukumia magurudumu nje hufanya kosa lile lile kwa njia nyingine, tena kwa kuongeza kiungo kimoja zaidi kinachoweza kulegea.

Kuhusu chuma na aloi sina ugomvi na mtu. Aloi nyingi ni nyepesi na zinapoza breki vizuri. Ikigonga shimo kwa nguvu huweza kupasuka, na ufa wa aloi haugongwi nyundo. Chuma hujipinda, hushika kutu, huchukiza macho, lakini mara nyingi hunyooshwa na safari ikaendelea. Gari langu linafanya kazi mbali na maduka, hivyo nilichagua chuma. Lolote utakalochagua, geuza rimu na usome uwezo wake wa kubeba uliochongwa ndani. Rimu za viwango vya Kijapani zilizokusudiwa magari ya mizigo huwa na alama JWL-T, na ile yenye JWL peke yake imepimwa kwa ajili ya magari ya abiria. Kufunga tairi la kilo 1,450 kwenye rimu isiyozidi kilo 800 ni kuhamisha udhaifu kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Sasa pikapu yangu ina 265/70R16 za AT, plai 8, juu ya rimu za chuma zenye upana na ET ile ile ya kiwandani. Matairi ni marefu kuliko ya kiwandani kwa milimita moja, na tairi la akiba limerudi chini ya bodi, limebanwa na mnyororo wake. Nilipima pembe za magurudumu mara baada ya kufunga, na tangu hapo napitisha kiganja juu ya kashata kila ninapoosha gari: zikilika pande zote mbili najua upepo ulikuwa mdogo, zikilika katikati ulizidi, zikilika upande mmoja tu pembe zimehama, na zikiwa na mabonde mabonde shokomzoba zimechoka. Hadi leo zinalika sawa.

Rimu nyeusi ziliegemea ukuta kwa muda mrefu. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja kuziangalia, akazizunguka mara mbili, akapiga picha, akaanza kuhesabu fedha kabla hata hatujakubaliana bei. Nilimuuliza anaziwekea gari gani. Akasema ni Amarok, ile ya toleo la kwanza. Nikamwonyesha matundu sita, kisha nikamwomba aende nje akahesabu bolti za gurudumu lake. Alirudi baada ya dakika moja, akacheka, akarudisha fedha mfukoni: zilikuwa tano.